Barua ya wazi kwa makumbusho ya Ulaya na Marekani: andikeni majina na miaka kando ya michoro ya Afrika Kaskazini

Kwenu wakurugenzi na wahifadhi wa Louvre na Musée d'Orsay mjini Paris, kasri la Versailles, Musée de la Chartreuse ya Douai, na Clark Art Institute ya Williamstown, Massachusetts.

YAH: MAELEZO YA MICHORO YA AFRIKA KASKAZINI YA KARNE YA 19

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa uchoraji, nafundisha vijana wa sekondari mjini Unguja. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu watazamaji wenu siku hizi hawako kwenye kumbi zenu tu. Louvre ilipofungua hazina yake mtandaoni Machi 2021, ikiwa na kazi zaidi ya 480,000, iliwafungulia mlango na wanafunzi wangu. Wanaingia kwa simu, wanakuza mchoro mpaka mpasuko wa rangi unaonekana, wanauliza maswali. Mnachokiandika kando ya mchoro kinatufikia, na mnachokiacha kinatufikia vilevile.

Ombi langu ni moja. Kando ya kila mchoro wa Algeria, Moroko, Tunisia au Misri uliochorwa na mtu wa Ulaya katika karne ya 19, andikeni mambo mawili: jina la aliyechorwa pale linapojulikana, na kilichokuwa kikitokea mahali pale mwaka ule. Maelezo hayo yawepo ukutani na yawepo mtandaoni. Makumbusho ambayo tayari yanafanya hivyo kwa baadhi ya kazi zake nayashukuru, na nayaomba yaendelee mpaka ya mwisho. Siombi mchoro hata mmoja ushushwe.

Nianze na ule unaojulikana kuliko yote, *Femmes d'Alger dans leur appartement* (Wanawake wa Algiers chumbani mwao) wa Eugène Delacroix, ulioko Louvre. Wanawake watatu wameketi juu ya mazulia, viatu vimevuliwa, shisha iko kati yao, na mwanga laini unawaangukia kutoka kushoto. Upande wa kulia yuko mwanamke wa nne, mweusi, amesimama na kitambaa kichwani, kama anayetoka, amegeuza shingo kuwatazama wenzake. Kwa mwalimu wa rangi mchoro huu ni shule nzima. Nyekundu na kijani zimewekwa jirani, kila moja ikimng'arisha mwenzake, na vivuli vyake vina rangi ndani yake, havikupakwa nyeusi tupu. Naufundisha kila mwaka na nitaendelea kuufundisha.

Sasa tutazame tarehe. Majeshi ya Ufaransa yalishuka Sidi Fredj tarehe 14 Juni 1830, na Algiers ikaanguka tarehe 5 Julai. Januari 1832 Delacroix alifika Tangier katika msafara wa Comte de Mornay, aliyetumwa na Mfalme Louis-Philippe kuzungumza na Sultani Moulay Abd al-Rahman wa Moroko, ambaye ghafla alijikuta anapakana na jeshi la Kifaransa. Ilikuwa safari ya kidiplomasia iliyozaliwa na vita, na mchoraji alikuwa mmoja wa wasafiri wake. Mwezi Juni, wakati wa kurudi, alipitia Algiers akakaa siku chache tu.

Miezi miwili kabla ya kufika kwake, usiku mmoja wa Aprili 1832, askari chini ya amri ya Duke wa Rovigo, kamanda wa Kifaransa mjini Algiers, waliwavamia watu wa kabila la El Ouffia nje kidogo ya mji na kuwaua mahemani mwao. Desemba ya mwaka uleule msikiti wa Ketchaoua, katikati ya Algiers, ulichukuliwa kwa nguvu ukafanywa kanisa, na haukurudi kuwa msikiti mpaka uhuru wa 1962. Kati ya matukio hayo mawili ndipo Delacroix alipoingia katika nyumba ya familia ya Kialgeria, upande wa wanawake. Masimulizi yaliyopokewa yanasema mhandisi wa bandari wa utawala mpya ndiye aliyemshawishi mmoja wa waliokuwa chini yake amkaribishe mchoraji kwake.

Mimi nimekulia katika nyumba yenye baraza ya wageni nje na pazia ndani. Mwanamume asiye wa jamaa anaishia barazani, hata awe mtu mkubwa kiasi gani. Ninapomwona mgeni wa Kifaransa ameketi na daftari lake ndani kabisa ya nyumba ya Algiers, miaka miwili baada ya mji kutekwa, swali la kwanza linalonijia ni hili: baba mwenye nyumba angeweza kukataa? Mtazamaji asiyeijua 1830 hawezi kuliuliza swali hilo. Anaona wanawake wametulia, anadhani mlango ulikuwa wazi tangu zamani.

Na wanawake wale walikuwa na majina. Delacroix mwenyewe aliyaandika kwa mkono wake kwenye karatasi za rangi ya maji alizozichora Algiers. Mmoja aliandikwa Mounay ben Sultan. Aliporudi Paris na kuukuza mchoro kuwa turubai la karibu mita 1.8 kwa 2.3, majina yakabaki kwenye karatasi. Kwenye Salon ya 1834, maonyesho makuu ya sanaa ya Paris, umma ukaonyeshwa "wanawake wa Algiers", na Louis-Philippe, yuleyule ambaye majeshi yake yalikuwa yakiendelea kuteka nchi yao, akaununua. Miaka mia moja na ishirini baadaye, Desemba 1954, mwezi mmoja tu baada ya vita vya ukombozi wa Algeria kuanza, Picasso aliurudia mchoro huo kwa mfululizo wa turubai 15. Mojawapo liliuzwa New York mwaka 2015 kwa zaidi ya dola milioni 179. Hata hilo linaitwa *Les Femmes d'Alger*.

Darasani, mwanafunzi mmoja wa kike alinyoosha kidole kwa yule wa nne, mweusi, akauliza anaitwa nani na kwa nini yeye peke yake amesimama. La pili nililijibu: ni mtumishi, na katika Algiers ya miaka ile utumwa ulikuwepo, Ufaransa haikuufuta katika makoloni yake mpaka 1848. La kwanza sikuwa na jibu. Nawaomba ninyi wenye karatasi, barua na madaftari mlitafute. Likikosekana, andikeni kwamba halijulikani, ili mtoto mwingine akijiuliza ajue kwamba na ninyi mmejiuliza.

Mfano wa pili unanikera zaidi, nao uko Douai. Ni *Une rue à El-Aghouat* wa Eugène Fromentin, wa 1859. Barabara nyembamba, kuta za udongo, jua la mchana limepiga upande mmoja mpaka ukuta umekuwa mweupe. Upande wa pili kuna kivuli, na ndani yake wanaume wamelala chini wamejikunja na nguo zao. Kila ninapouonyesha na kuuliza mnaona nini, majibu ni yaleyale: joto, usingizi, uvivu. Yuko kijana aliyesema, "Hawa hawana kazi."

Mji huo wa Algeria, Laghouat, ulivamiwa na kutekwa tarehe 4 Desemba 1852 na majeshi ya Jenerali Pélissier. Ndiye aliyewasha moto kwenye milango ya mapango ya Dahra mwezi Juni 1845 na kuwaua kwa moshi watu wa Ouled Riah waliokuwa wamejificha humo, wanawake na watoto wakiwemo. Laghouat sehemu kubwa ya wakazi waliuawa, na wenyeji mpaka leo wanaukumbuka kama mwaka wa utupu. Fromentin alifika huko kiangazi cha 1853, nusu mwaka baadaye. Alijua. Katika kitabu chake cha safari kilichotoka 1857 alizisimulia habari za mauaji hayo na athari zake alizozikuta mjini. Lakini turubai alilolipeleka Salon lilibeba jua na usingizi tu.

Rudini sasa mkaitazame barabara ile. Nani atathubutu kusema utupu wake ni wa joto peke yake? Wale waliolala kivulini huenda ni walionusurika, au jamaa za waliozikwa, au wote wawili. Sentensi mbili za maelezo, moja yenye tarehe na moja yenye jina la Pélissier, zinatosha kumfanya mtazamaji aone mchoro mwingine kabisa bila tone la rangi kuguswa. Nimefanya hivyo darasani kwangu. Yule aliyesema hawana kazi alikaa kimya, kisha akaomba aruhusiwe kuchora barabara ileile ilivyokuwa mwaka mmoja kabla, na watu wake wote.

Versailles sitakaa sana. *Prise de la smalah d'Abd-el-Kader* wa Horace Vernet, wenye urefu wa zaidi ya mita 21, haufichi vita, unavisherehekea. Unaonyesha jeshi la Duke wa Aumale likiuvamia mji wa mahema wa Amiri Abdelkader, kiongozi wa Waalgeria waliowapinga Wafaransa, Mei 1843. Hema zinaanguka, wanawake na wanyama wanakimbia ovyo. Amiri mwenyewe hakuwepo siku ile. Naomba anayesimama mbele ya mita hizo 21 aambiwe pia yaliyompata baadaye: kwamba aliposalimu amri mwishoni mwa 1847 aliahidiwa kupelekwa nchi ya Kiislamu, akafungwa Ufaransa mpaka 1852, na kwamba mwaka 1860, akiwa uhamishoni Damascus, aliwaokoa maelfu ya Wakristo wakati wa machafuko. Mtu huyo, Vernet alimpunguza akawa hema tupu.

Waheshimiwa wa Clark, kwenu nina shukrani na hoja. Mnayo michoro miwili mashuhuri ya Jean-Léon Gérôme. Wa kwanza ni wa mcheza na nyoka, wa kama 1879, uliowekwa kwenye jalada la *Orientalism*, kitabu cha Edward Said, mwaka 1978. Ukuta wake wa vigae vya buluu umechukuliwa kutoka kasri la Topkapı mjini Istanbul, sakafu inafuata ya msikiti wa Cairo, na vyote vimeunganishwa kuwa chumba kimoja ambacho hakijawahi kusimama popote. Kwa kuwa kila kigae kimechorwa kwa usahihi kama wa picha ya kamera, mtazamaji huamini kwamba na tukio zima ni la kweli. Mchoraji yeyote anaijua mbinu hiyo: ukiwa mwaminifu katika vitu vidogo, watu watakuamini katika kikubwa.

Wa pili ni soko la watumwa, wa 1866: mwanamke mweupe aliye uchi amezungukwa na wanaume wenye vilemba, na mmoja anamtia vidole mdomoni kumkagua meno. Mwaka 2019, kabla ya uchaguzi wa Bunge la Ulaya, AfD, chama cha Kijerumani cha mrengo mkali wa kulia, kiliuweka mchoro huu kwenye mabango mjini Berlin kuwatisha Wajerumani juu ya Waislamu. Makumbusho yenu yalipinga waziwazi na kudai matumizi hayo yakome, ingawa kisheria hamkuwa na la kufanya kwa kuwa mchoro hauna tena hakimiliki. Mlifanya vizuri, na sisi tulio mbali tulisikia.

Hoja yangu ni kwamba mchoro ulitoka kwenu bila maelezo ndani yake, na wenye chuki wakautia ya kwao. Mngeweza kuupa maelezo yanayosafiri nao kila unapopakuliwa. Anzeni na hili: mwezi Januari 1846, miaka 20 kabla ya Gérôme kuuchora mchoro ule, Ahmed Bey wa Tunis alipiga marufuku utumwa katika nchi yake. Alitangulia Ufaransa kwa miaka miwili, na Marekani kwa karibu ishirini. Utumwa katika nchi za Waislamu ulikuwepo na sisi wa Unguja hatuna haki ya kuukana, soko lake lilikuwa hapa mjini kwetu mpaka 1873. Lakini nimepekua sana nikitafuta mchoraji wa Paris wa enzi ile aliyeona kwamba mtawala Mwafrika aliyewaacha huru watumwa ni mada ya kuchora. Sijampata. Wateja walitaka soko.

Najua jibu mtakaloliwaza: wachoraji walikuwa watu wa zama zao. Zama zao ndizo zilizotupa Gustave Guillaumet, aliyekwenda Algeria mara nyingi na kuchora njaa kuu ya miaka ya 1866 hadi 1868. *La Famine en Algérie* aliupeleka Salon, watu wakasimama mbele ya waliokonda na wafu wa njaa, katika nchi iliyotawaliwa na serikali yao wenyewe. Aliona, na akachora alichokiona. Zama hizo ndizo zilizomleta Étienne Dinet, aliyehamia Bou Saâda, akajifunza Kiarabu, akasilimu akaitwa Nasreddine, akaenda hija mwaka 1929 na rafiki yake Sliman ben Ibrahim, na akazikwa Bou Saâda kwa watu wake. Naye alikuwa na kasoro zake, wasichana wake wa mtoni ni wengi mno kwa ladha yangu. Ila nyuso za wazee wake wakitafuta mwezi mwandamo ni nyuso za watu anaowajua. Kwa hiyo tusiwasingizie wote upofu. Walioangalia kwa haki walikuwepo, na walioamua kutoangalia waliamua.

Tena majina yaliandikwa pale mchorwaji alipokuwa mkubwa. Théodore Chassériau alipomchora khalifa wa Constantine, mji wa Algeria, juu ya farasi wake mwaka 1845, jina la mchoro likamtaja: Ali Ben Hamet. Mchoro huo uko Versailles. Wenye vyeo walipewa majina, na wanawake, watumishi na watu wa barabarani wakapewa jina la mji.

Kwamba jambo hili linawezekana, mmekwisha kulithibitisha wenyewe. Mwaka 2019 Musée d'Orsay ilifanya maonyesho makubwa juu ya watu weusi waliochorwa Ufaransa tangu Géricault mpaka Matisse. Watafiti walizama kwenye kumbukumbu wakarudi na majina. Mwanamke mweusi aliyesimama na maua kwenye *Olympia* wa Manet akatajwa kwa jina lake, Laure. Ule mchoro wa Marie-Guillemine Benoist wa 1800, ulioko Louvre, ambao jina lake la zamani lilimwita aliyechorwa kwa rangi yake tu, ukaonyeshwa kama picha ya Madeleine. Nilipowasomea wanafunzi wangu habari hiyo walipiga makofi, wote. Mounay ben Sultan hana haja hata ya watafiti kuzama mbali kiasi hicho. Mchoraji aliandika.

Msidhani Zanzibar tunaitazama Algeria kama watazamaji wa pembeni. Mwanzoni mwa karne ya 20 studio za Gomes na za ndugu wa Coutinho hapa mjini ziliuza kadi za posta za wanawake wa Kiswahili, waliopambwa na kupangwa mbele ya kamera kwa ajili ya wasafiri wa meli. Chini ya kadi unasoma kabila au neno la kusifu uzuri, na jina hakuna. Wajukuu zao huenda tunapishana nao Darajani kila siku bila wao wala sisi kujua kadi ile ni ya bibi wa nani. Tunis nako Lehnert na Landrock walikuwa wakifanya biashara ya aina hiyohiyo. Na mwaka 1960 jeshi la Ufaransa lilimwamuru askari wake Marc Garanger awapige picha za vitambulisho wanawake wa vijiji vya Algeria. Karibu 2,000 walikaa mbele yake, wengi wakilazimishwa kuvua shela. Kutoka daftari la Delacroix mpaka kamera ya Garanger ni miaka 128, na katika miaka yote hiyo mwenye kutazama ndiye aliyekuwa na jeshi nyuma yake.

Jambo la mwisho. Maelezo peke yake hayatoshi ikiwa ukumbini hakuna mkono wa Mwalgeria. Baya Mahieddine alionyesha kazi zake Paris mwaka 1947 akikaribia kutimiza miaka 16, katika jumba la Maeght: wanawake wenye macho makubwa, ndege, samaki, ala za muziki, buluu na waridi zisizoomba ruhusa ya mtu. Houria Niati, mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliwachukua wanawake walewale wa Delacroix akawachora upya katika kazi aliyoiita *No to Torture*, akikumbuka mateso ya vita vya ukombozi. Azimeni kazi hizi, au nunueni za wenzao walio hai, na mzitundike katika chumba kilekile, mtazamaji asimame katikati.

Kwa utekelezaji, napendekeza Douai ianze, kwa kuwa pale mchoro ni mmoja, tarehe ni moja na jina la jenerali ni moja. Louvre ifuate na karatasi za rangi ya maji, ikiziweka kwenye ukurasa uleule wa turubai kubwa ili majina yasomeke pamoja nalo. Maelezo ya mtandaoni yaandikwe kwa Kifaransa na Kiarabu. Tafsiri ya Kiswahili nitaifanya mimi na wanafunzi wangu bila malipo, mkitupa idhini ya kuichapisha kando ya picha.

Nasubiri majibu yenu.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa uchoraji,
Mjini Unguja, Zanzibar